Aliyeanua Nguo za Wenyewe

Chumba alichopata mwanafunzi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la kinyozi, na dirisha lake lilitazama barabara. Alikuwa amekitafuta hadi soli za viatu zikalainika. Katika kila nyumba aliyobisha hodi kabla ya hiyo, wenyewe walimsikiliza kwa adabu mpaka lafudhi yake ilipowajulisha kwamba ametoka nchi nyingine. Hapo walikumbuka ghafla kwamba chumba kimekwisha kuahidiwa mpwa wao. Alifikia kuamini kwamba mji ule ulikuwa na wapwa wengi kuliko vyumba.

Ni Mama Mkubwa peke yake ambaye hakumtajia mpwa. Alikuwa mjane mwenye mgongo ulionyooka na maneno machache, na mtaa mzima ulimwita Mama Mkubwa kwa sababu watoto wa mdogo wake ndio waliomwita hivyo kwanza, na jina likamganda. Alimtazama mwanafunzi kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, akamuuliza anasomea nini, akaambiwa famasia, akampima kama mtu anayepima unga kwa jicho. Kisha akasema atamweka kwa majaribio. Nyumba hii, alieleza, inakaliwa na watu waliozoeana. Fujo yoyote itakayoletwa na mgeni, hata iwe ya bahati mbaya, itaondoka pamoja naye.

Mwanafunzi alikubali kabla sentensi haijafika mwisho. Mitihani ilikuwa inakaribia, mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa, na mwenzake aliyekuwa akimhifadhi sakafuni kwake alikuwa ameanza kuhema kwa sauti kila alipomwona akitandika godoro. Akikosa chumba hiki hakuwa na kwingine ila kurudi kwao na sanduku lake, na masomo ya mwaka mzima yakaenda arijojo.

Basi alikaa, na akajichunga. Alipanda na kushuka ngazi kwa ncha za vidole. Alichota maji wakati ambapo wengine wamekwisha kuchota. Barabarani alipita akiinamisha kichwa, kwa hofu kwamba salamu moja tu ingemfichua, na baada ya salamu yangekuja maswali, na baada ya maswali labda mpwa. Hakujua kwamba mtu anayepita bila kusalimu huonekana zaidi kuliko anayepita akipiga ngoma. Mtaa ulimhesabu kuwa na maringo. Kinyozi, ambaye ulimi wake ulifanya kazi kuliko mkasi wake, alimpa jina la Bi Dirisha, na wateja waliokaa kwenye kiti chake walilisambaza.

Jina lenyewe halikuwa la uongo. Asubuhi kabla ya kwenda chuoni, na jioni aliporudi, mwanafunzi alikaa dirishani na kuutazama mtaa kama mtu anayetazama maji yakipita. Aliona duka la vipuri vya baiskeli likifunguliwa kwa teke kwa sababu mlango wake ulikuwa na ukaidi. Aliona ukuta uliopakwa rangi nusu, na ngazi ya mpaka rangi ikiwa bado imeegemezwa pale mwenyewe alipoiacha. Aliona jinsi watu wa mtaa ule walivyosimama katikati ya barabara kumaliza mazungumzo, na magari yakawangoja bila kupiga honi, jambo ambalo kwao lingezaa ugomvi.

Watu nao aliwatazama, na kwa kuwa hakujua majina yao, aliwapa yake. Kulikuwa na Mikono Nyuma, mzee aliyetembea polepole kama anayekagua paredi. Kulikuwa na Mbio, kijana aliyefunga vifungo vya shati huku akikimbilia kazini. Kulikuwa na Malkia, mwanamke wa magauni ya maua makubwa, ambaye hakumpisha mtu wala gari. Kulikuwa na Simu, aliyezungumza na simu yake tangu kupambazuka, akienda na kurudi mbele ya mlango wake. Kutoka juu, uso wa mtu hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni utosi, mabega na nguo. Kwa hiyo aliwajua kwa nguo. Mtu akibadilisha shati, mwanafunzi alihitaji kumtafuta upya, kisha akaliongeza shati hilo kwenye hesabu ya mtu huyo kichwani mwake, na siku iliyofuata hakupotea tena.

Upande wa pili wa nyumba, uani, hakuufahamu sana. Huko ndiko alikokaa Mama Dobi, mdogo wake Mama Mkubwa, aliyefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye mikono iliyochakazwa na sabuni, na alikuwa mtu wa kwanza kumwita mwanafunzi "mwanangu" bila kungoja ruhusa. Kamba zake zilikatiza ua kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanafunzi alipokwenda bombani alipita chini ya nguo hizo akiwa ameinama, na jambo moja lilimkera kidogo: zilikuwa zimeanikwa ovyo. Shati la mwanamume lilifuatwa na gauni la mtoto, gauni na taulo, taulo na suruali. Kisha, bila sababu yoyote aliyoiona, palikuwa na nafasi tupu ya kamba, kana kwamba mwanikaji alisahau alipofika. Yeye alikuwa amefundishwa kupanga dawa rafuni kwa aina na nguvu, na kabla ya hapo alikuwa amefundishwa na mama yake kupanga nguo za ndugu zake kabatini. Ovyo ya namna ile ilimwasha vidoleni.

Siku ya mambo yote haya, shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kamba za Mama Dobi zilikuwa zimelemewa hadi katikati zikapinda. Mama Dobi alikwenda dukani kutafuta wanga wa kukazia kola, akakuta foleni. Mama Mkubwa alikuwa amelala usingizi wa mchana. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Mwanafunzi alikuwa akisoma kitandani aliposikia bati la jirani likianza kulia tone moja moja.

Alishuka ngazi kwa kukimbia, kwa mara ya kwanza bila kujali kelele. Alianua kwa mikono miwili, akarundika begani, akapeleka juu, akarudi. Vibanio viliruka huku na huku kama panzi. Mvua ilipomwagika kwa nguvu zake zote, kamba zilikuwa tupu, na hakuna hata soksi iliyolowa.

Angeishia hapo, pengine lisingekuwapo la kusimulia. Lakini alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hujiongezea kazi. Aliona kwamba hatimaye amepata nafasi ya kuwafaa watu wa nyumba hii. Alizikunja nguo zote kwa unadhifu wa mtu anayefanya mtihani. Mashati aliyaweka na mashati, suruali na suruali, magauni na magauni, sare za shule peke yake, taulo peke yake. Na ndani ya kila rundo alitanguliza nyeupe, akafuatisha zenye rangi hafifu, akamaliza na nyeusi. Marundo yalijaa kitanda chake, meza yake na kiti chake. Alisimama mlangoni akayatazama, akaona ni mazuri.

Mama Dobi alirudi akiwa amelowa chapachapa, roho mkononi. Aliziona kamba tupu akapiga kelele ya shukrani kwa Mungu. Mwanafunzi alimwita juu. Mama Dobi alipanda akitabasamu, akafika mlangoni, na tabasamu lake likabaki usoni kidogo baada ya yeye mwenyewe kuondoka humo. Alishika rundo la mashati, akalifunua kwa kidole gumba kama anayehesabu kurasa, akaliacha. Kisha alikaa kwenye ngazi akashika tama.

Mwanafunzi aliuliza kama kuna iliyochafuka. Mama Dobi alimjibu kwa upole uliomtisha kuliko ukali kwamba hakuna iliyochafuka. Tatizo ni kwamba hakuna yenye mwenyewe. Akamweleza jinsi anavyofanya kazi. Hatii alama kwenye nguo, kwa kuwa aliyefua mtaani hapo kabla yake alitia alama za wino kwenye kola, na wateja wakamkimbia. Yeye hufua nyumba moja baada ya nyingine, huanika nyumba moja baada ya nyingine, na kati ya nyumba na nyumba huacha kamba tupu. Akianua, huanua kwa mpangilio uleule. Hatazami nguo zenyewe, huitazama kamba.

"Ukiniuliza shati hili ni la nani, mwanangu, nitakuuliza lilikuwa wapi," alisema. "Sasa liko kitandani kwako."

Kinyozi, aliyekuwa amepanda kuona kilichonyamazisha nyumba, alichungulia marundo yale, akaomba aelezwe, akaelezwa.

"Mashati na mashati, suruali na suruali," alisema. "Kwenu nguo zina vyama vyao? Zinapiga na kura?"

Hakuna aliyecheka, na kwa Kinyozi hilo lilikuwa onyo kwamba mambo ni mazito. Wakati huo ndipo Mama Mkubwa alipotokea, akiwa bado na alama ya mto shavuni. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakugomba. Aliuliza tu kesho wazazi watakapofuata sare za watoto wao watapewa nini, na kama mdogo wake ana wateja wengine aliowaficha mahali, ikiwa hawa wataondoka. Kisha alimgeukia mwanafunzi.

"Nilikwambia siku ya kwanza," alisema. "Kabla giza halijaingia, kila nguo iwe imefika kwa mwenyewe. Isibaki hata leso. Ikibaki, kesho utafute kwingine. Sina ugomvi na wewe, lakini huyu ni mdogo wangu na hii ndiyo kazi yake."

Alivuta kiti, akakaa pale pale kwenye ujia, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake kliniki.

Kinyozi alitoa shauri kwamba mtaa mzima uitwe, kila mtu ajichagulie. Mama Dobi alilikataa bila kufikiri mara mbili. Watu wakija kuchagua, alisema, kila mmoja ataondoka na nzuri kuliko aliyoileta, na wa mwisho ataondoka na taulo.

Walianza na sare. Huko Mama Dobi alikuwa na nguvu kidogo, kwa sababu watoto aliwajua hata kama nguo hakuzijua. Alizishika begani, akazipima kwa kiganja, akasema hii ni ya yule aliyerefuka wakati wa likizo, hii imeongezwa pindo na bibi yake asiyeona vizuri, hii ina doa la embe ambalo limenishinda tangu mwaka juzi. Lakini alipoyafikia mashati ya watu wazima alisimama. Alilitoa moja, la mistari ya buluu, akaligeuza mbele na nyuma, akalirudisha. Alitoa jingine. Nalo akalirudisha.

Hapo mwanafunzi alijikaza kisabuni, akasema kwa sauti ndogo kwamba la mistari ni la Mbio.

Wote watatu walimtazama.

"La nani?" Mama Dobi aliuliza.

Mwanafunzi alieleza, uso ukimwaka moto, kwamba ni la kijana anayekimbia asubuhi akijifunga vifungo, na kwamba mara nyingi hukosea cha kwanza, kwa hiyo upande mmoja wa shati huwa juu ya mwenzake.

Kinyozi alipiga paja. "Mtoto wa fundi redio! Hajawahi kuamka mapema tangu azaliwe."

"Ndiye," alisema Mama Dobi. "Fundi redio ni mteja wangu. Endelea, mwanangu."

Akaendelea. Magauni ya maua makubwa yalikuwa ya Malkia. Kinyozi alimtambua kuwa muuguzi wa nyumba ya kona, akasema jina hilo linamfaa na atalipeleka mbele. Suruali ya kaki yenye kiraka cha mraba gotini ilikuwa ya mtu aliyelala mchana na kutoka jioni na tochi. Ikajulikana kuwa ya mlinzi wa ghala. Blauzi zote za rangi ya zambarau zilikuwa za Simu. Mwanafunzi alitaja, Kinyozi alitafsiri, Mama Dobi alithibitisha kama mtu huyo alikuwa amempa nguo juma hilo au la, na marundo mazuri ya alasiri yalivunjika moja baada ya jingine, yakawa marundo mapya ya nyumba na nyumba, yasiyo na mpangilio wowote wa kupendeza macho. Alipomtaja Mikono Nyuma, ili tu kumwelekeza Kinyozi nyumba iliyo jirani na yake, Kinyozi alicheka.

"Mwalimu mstaafu! Ni kweli, anatembea kama bado yuko kwenye chumba cha mtihani. Lakini huyo muondoe. Nguo zake hufuliwa na mkwe wake."

Kazi ilipopamba moto, Kinyozi alishindwa kujizuia, akauliza yeye amepewa jina gani. Mwanafunzi alisema hana. Kinyozi alimsihi. Mwanafunzi alikiri kwamba humwita Kioo, kwa sababu asubuhi husimama nje akijitazama kwenye kioo cha mlango muda mrefu kabla ya kumfungulia mteja wa kwanza. Mama Dobi alicheka hadi akajifuta machozi kwa taulo ya mteja. Kisha, akiwa bado anahema, alisema jambo ambalo mwanafunzi alilibeba kwa muda mrefu baadaye.

"Unatujua sana, mwanangu. Kwa mtu ambaye hajatusalimia, unatujua sana."

Hakulisema kwa ubaya. Mwanafunzi aliinama akachukua nguo iliyofuata.

Ilikuwa shati la kijivu, la kitambaa kizuri kilichochakaa kwa heshima, na kifungo cha mkono wa kushoto kilikuwa cheusi wakati vingine vilikuwa vyeupe. Alilijua mara moja. Alikuwa ameliona mara nyingi likipita polepole chini ya dirisha lake, na mikono yake ikiwa imefungwa mgongoni, kile kifungo cheusi kikionekana kama jicho. Alifungua mdomo kulitaja, na neno likamfia ulimini.

Nguo za Mwalimu hazikuletwa kwa Mama Dobi. Hilo lilikuwa limesemwa sasa hivi. Basi shati hili lilikuwa limefuliwa pamoja na nguo za nyumba nyingine. Na asubuhi fulani, mtaa ukiwa bado mtupu, mwanafunzi alikuwa amemwona Mikono Nyuma akitoka kwa mlango mdogo wa pembeni mwa duka la kinyozi, ulio chini kabisa ya dirisha lake. Mlango huo ulikuwa wa chumba cha Mama Mkubwa. Wakati ule hakuufikiria. Alikuwa ameona utosi, mabega na koti, basi.

Aliinua macho. Mama Mkubwa alikuwa bado amekaa kwenye ujia. Mikono iliyokuwa imetulia mapajani ilikuwa imeshikana, na alikuwa akitazama ukuta kwa makini, ingawa ukutani hapakuwa na kitu.

"Na hilo?" Kinyozi aliuliza. "Usituangushe sasa, Bi Dirisha."

Mwanafunzi aliligeuza shati. Aliijua vizuri bei ya atakachosema. Akilitaja, marundo yangetimia na sharti lingekuwa limetimizwa mbele ya mashahidi. Na kesho, kwenye kiti cha kinyozi, mtaa mzima ungekuwa na la kuzungumza. Asipolitaja, nguo moja ingebaki bila mwenyewe, na aliyetoa sharti alikuwa amesema isibaki hata leso.

"Hili sijapata kuliona," alisema.

"Wewe?" Kinyozi alishangaa. "Wewe uliyejua hadi kiraka cha mlinzi? Litazame vizuri. Hata kifungo chake kina hadithi."

"Silijui."

Kinyozi alitaka kulishika alichunguze mwenyewe. Mama Dobi alikuwa mwepesi kuliko alivyodhaniwa. Alilichukua, akalikunja bila kulitazama, akaliweka juu ya meza, peke yake. Akasema jua haliwangoji, wabebe vikapu.

Mvua ilikuwa imekatika, na barabara ilikuwa na madimbwi. Mama Dobi alitoa amri kwamba mwanafunzi ndiye atakayebisha hodi, ndiye atakayesalimu, na ndiye atakayeomba radhi. Yeye kazi yake itakuwa kusimama nyuma na kuonekana. Kwenye mlango wa kwanza, wa mlinzi wa ghala, mwanafunzi alisalimu kama alivyofundishwa darasani, akaeleza kwamba anaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa kutokana na mkanganyiko uliotokea katika mavazi.

Mlinzi, aliyekuwa ametoka usingizini, alimtazama yeye, akamtazama Mama Dobi.

"Binti, umeiba au umefiwa?"

Alipoelewa, alizikagua nguo zake, akasema zimetimia, akaongeza kwamba hata ingekuwa suruali ya mtu mwingine angeivaa, mradi haina kiraka.

Baada ya hapo maneno ya mwanafunzi yalipungua urefu kwa kila mlango. Aliyaona mambo ambayo dirisha lilikuwa limemnyima. Malkia alikuwa mfupi. Kilichomrefusha ni mwendo. Ndani ya nyumba yake alivua viatu vya kazi kwa kuuma meno, na ikaonekana kwa nini hakuwa tayari kumpisha mtu: kila hatua ya pembeni ilimgharimu. Fundi redio alipokea nguo huku masikio yake yakiwa bado kwenye chombo alichokuwa akikitengeneza, na mwanawe Mbio, akiwa ametulia, alikuwa mtu mpole mwenye kigugumizi kidogo. Suruali moja ilikuwa imekosewa. Haikuwa ya fundi bali ya jirani yake, na walibadilishana juu ya ukuta wakitaniana kuhusu viuno vyao.

Simu aliwakaribisha ndani. Alizipokea blauzi zake, akamuuliza mwanafunzi ametoka wapi. Swali lile alilokuwa akilikimbia tangu afike lilimkuta amekaa, na maji ya kunywa mkononi, hana pa kutorokea. Akalijibu. Mwanamke yule hakumkumbuka mpwa wala binamu. Alisema mumewe anafanya kazi nchi ya mbali, ambako saa zake na za hapa hazipatani, kwa hiyo humwamsha kabla hajaingia kazini, na hutembea huku akizungumza kwa sababu akikaa hulia. Aliuliza kama huko ugenini watu humwona mtu akipita. Mwanafunzi alisema humwona. Hakujua kama hilo ni faraja, naye mwanamke hakusema.

Waliporudi vikapu vilikuwa vitupu na mwanga ulikuwa umebaki kidogo juu ya mapaa. Mama Mkubwa alikuwa ameteremsha kiti chake akakaa kwenye kizingiti cha ua. Kinyozi alikuwa amefunga duka lakini hakwenda kwake. Alikuwa amejiegemeza ukutani, akijifanya hamnazo. Mama Dobi alitoa taarifa nyumba kwa nyumba. Sare zote zimefika. Suruali moja imepotea njia ikarudi. Wateja wote wamesema watarudi juma lijalo, ila wanaomba nguo zao zisipangwe tena kwa ukoo.

"Limebaki lile la kijivu," alisema Kinyozi. Hakulisema kwa kumchongea mtu. Alikuwa tu mtu asiyeweza kuliacha jambo likiwa wazi.

Mwanafunzi alipanda juu akalileta, kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufanya. Alilishika kwa mikono miwili mbele ya Mama Mkubwa. Alikuwa amekwisha kuanza kufungasha sanduku lake kichwani: vitabu chini, viatu pembeni.

Mama Mkubwa aliliangalia shati. Kisha alimwangalia mwanafunzi kama alivyomwangalia siku ya kwanza, kuanzia utosini, lakini safari hii hakufika kwenye vidole vya miguu, aliishia machoni.

"Hilo ni langu," alisema.

Akalipokea, akaliweka mapajani, akalilainisha kola kwa kiganja. Kinyozi alifungua mdomo. Mama Dobi alimwuliza kama nyumbani kwake hakuna anayemngoja. Kinyozi aliufunga mdomo, akaaga, akaenda zake akitembea polepole kuliko kawaida, kama mtu aliyepewa mzigo asiojua pa kuutua.

Mwanafunzi alibaki amesimama. Aliuliza, kwa kuwa ilimlazimu ajue, kama kesho atafute kwingine.

Mama Mkubwa alisema hapana. Nguo zote zimefika kwa wenyewe, na yeye neno lake halina kona. Lakini alikuwa amefikiri. Kile chumba cha juu kina kelele za barabara, na mwanafunzi anahitaji utulivu wa kusoma. Kuna chumba cha nyuma, karibu na bomba, kinachotazama uani. Ni kidogo, ila hakivuji. Atahamia huko.

"Dirisha lake linaona kamba tu," aliongeza. "Zitakutosha."

Mwanafunzi alielewa kwamba amesamehewa na kwamba ameadhibiwa, na kwamba mambo hayo mawili yamefungwa katika furushi moja ambalo haliwezi kufunguliwa. Alisema ahsante, Mama Mkubwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.

Alihama asubuhi iliyofuata kabla ya kwenda chuoni. Hakukuwa na mengi ya kuhamisha. Kitanda kilipita mlangoni kwa shida, na Kinyozi, aliyeshika upande wa pili, alilalamika njia nzima kwamba mgongo wake ni wa kunyolea, si wa uchukuzi. Hakuuliza juu ya shati. Alimsalimu kwa jina lake halisi, ambalo alikuwa ameliuliza kwa Mama Dobi, akalitamka vibaya, akarekebishwa, akalitamka vibaya tena.

Chumba cha nyuma kilinukia sabuni. Mwanafunzi alipanga vitabu vyake, akafungua dirisha, akaona ukuta, bomba, na Mama Dobi aliyekuwa akianza nyumba ya kwanza ya siku hiyo. Alikaa kitandani. Hapakuwa na mtu wa kupita. Mama Dobi alitoa shuka kubwa kwenye beseni, likamlemea, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Mwanangu," aliita, bila kugeuka. "Toka huko uje ushike ncha hii."

Alitoka, akashika. Mama Dobi alimwonyesha namna ya kusokota: mmoja kulia, mwenzake kushoto, mpaka shuka likaze kama kamba ya kisima. Maji yalimwagika miguuni mwao. Kisha walilikunjua, wakalipiga mara moja hewani, na mwanafunzi akauliza lianikwe wapi.